Nywele za Vijidudu na Ndevu Zako za Zambarau

Alhamisi, maabara, saa ya chai

Mzee wangu Athumani,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo, nikaweka kalamu chini, nikasubiri. Miaka minne nilikuwa naingia hapa kila asubuhi na kusema shikamoo, na wewe hukuitikia hata siku moja mpaka umalize kuhesabu ulichokuwa unahesabu kwenye darubini, hata kama ni dakika kumi, nami nimesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani. Basi leo pia nimesubiri, nikidhani labda unahesabu. Sasa naona niendelee tu. Utaitikia ukimaliza.

Hapa zahanati tu wazima. Darubini yako ni nzima, naifuta kila jioni kwa kile kipande cha kanga ya Mama Zuhura mkeo, ulichosema ndicho kitambaa pekee Tanzania nzima kisichoacha nyuzi. Kioo chake cha chini bado kinataka jua, na jua wiki hii ni la kuvizia kwa sababu mvua zimeanza. Yule mbuzi wa Mwenyekiti wa kijiji, aliyekula daftari lako la vipimo vya choo, alichinjwa sikukuu iliyopita. Nililetewa bakuli la mchuzi. Nilikula, Mzee, huku nikijua kabisa kwamba nakula majibu ya wagonjwa mia na kitu.

Lakini sikuchukua karatasi za serikali ili nikupe habari za mbuzi. Nina kosa la kuungama. Keshokutwa kuna mkutano wa kijiji, na Mwenyekiti ameniambia nisimame nifundishe somo la kuhara, lile lile ulilofundisha wewe mwaka jana likatuletea yale lililotuletea. Nimemwambia sina uwezo. Amesema hakuniuliza kama nina uwezo. Na ana haki, maana watoto wawili wa nyumba za bondeni wameletwa jana wamelegea, na bwawa limejaa maji ya rangi ya chai. Siwezi kusimama mbele ya watu wale nikafundisha huku nimebeba uongo. Kwa hiyo naanza na wewe. Kijiji kilinyoa kwa sababu yangu. Si yako, yangu.

Haya, nimelisema. Nimetoka nje kidogo, nimerudi.

Wewe unajua mambo yalivyokwenda upande wako. Acha nikueleze yalivyokwenda upande wangu.

Unakumbuka ulivyosimama kwenye banda la ghala la pamoja, na ile picha uliyoikata kwenye kitabu cha kozi, mwalimu wako asijue? Picha ya bakteria mmoja, iliyopigwa kwa darubini ya umeme, darubini ambayo ulituapia kwamba ni kubwa kama trekta. Kwenye darubini yetu ya kioo na jua huyo bakteria ni mstari mfupi tu, mtu akipiga chafya humwoni tena. Lakini kwenye picha alikuwa na nywele mwili mzima. Uliipitisha mkono kwa mkono. Akina mama waliitazama wakairudisha haraka, kama mtu aliyeonyeshwa mkwe wake akioga.

Ukasema utumbo ni mfereji, kila kitu kinapita humo na kusukumwa nje. Kijidudu kisicho na nywele kinapita na maji, kinatoka, kwaheri. Chenye nywele kinashika ukuta, kama kishona nguo kinavyoshika sketi ya mtu aliyekatiza shambani. Kikishashika, ukasema, kinazaana, kinaita ndugu zake, kinafungua kijiji cha ujamaa humo humo tumboni. Mwenyekiti akakohoa. Ukasema samahani, kinafungua kijiji cha kibepari. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwamba endelea.

Na hapo ndipo ulipoiona kamba yake. Sisi tulikuwa tumeizoea, Mwenyekiti hajawahi kuendesha mkutano bila kusokota kamba ya ndama pajani, na mkutano kwetu tunaupima kwa kamba, huu ulikuwa wa hatua tano, ule wa kuhamia kijijini ulikuwa wa hatua thelathini. Lakini wewe uliisogelea kama mtu aliyeona ndugu yake aliyepotea. Ukawaambia watu watazame mkono wa Mwenyekiti. Nyuzi mpya anaongeza wapi? Hapa pajani. Na kile kipande kilichofika kule mlangoni, alikisokota lini? Mwanzo kabisa, wakati wa kusoma majina. Basi, ukasema, nadhani na kijidudu kinafanya hivyo. Ndani yake kinatengeneza chembe ndogo za protini, kitu kile kile cha maharage na nyama, zote za sura moja. Kinazitoa moja moja kwenye tundu la ngozi yake, kila inayotoka inajishika kwenye iliyotangulia na kuisukuma mbele, mpaka unywele unakuwa mrefu. Ncha ndiyo iliyotoka kwanza, na shina ndilo jipya.

Mimi nilinyanyua mkono nikabisha, mbele za watu. Nilisema mtama hauoti hivyo, mtama unaongezeka juu. Ulifurahi mpaka ukasahau somo. Ulisema, "Binti Ntandu, hapo umeuliza swali la mtu mzima." Tukabishana wewe na mimi, shina au ncha, kwa muda wa hatua mbili za kamba, na habari za kuchemsha maji, kuchimba choo na kunawa kwa sabuni, ambazo ndizo tulizoendea, ukaja kuzisema mwishoni wakati watu wameshainuka wanakung'uta nguo. Kwa hiyo hata hapo mkono wangu ulikuwemo.

Kesho yake mchana nilikuwa hapa hapa mezani. Watu walikuwa wametii sana tangazo lako la kuleta choo kipimwe, na kila mtu alileta kwa chombo alichokuwa nacho. Nilikuwa na viberiti kumi na vitatu, jani la boga, na kibuyu kidogo cha asali ambacho sikujua kama ni kipimo au ni zawadi, na sikutaka kuwa wa kwanza kujua. Ndipo akaingia Bibi Sinda, jirani yangu. Akauliza, "We Eliza, hizo nywele zao hazishikani na hizi zetu?" Nilikuwa nimechoka, Mzee. Nilikuwa na kiberiti mkononi kinachovuja. Ningeweza kusema hapana, ni za tumboni, kaa nikueleze. Nilisema, "Labda. Nyoa tu Bibi, hasara iko wapi."

Hayo tu. Maneno sita au saba. Bibi Sinda alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi zake, balozi akaenda kwa mabalozi wenzake, na ilipofika kwa Mwenyekiti ilikuwa imeshakuwa agizo la zahanati. Kijiji kizima kilinyoa kwa siku mbili. Wazee, akina mama, watoto wachanga ambao nywele zenyewe walikuwa hawajapata. Mwenyekiti alinyoa na nyusi, awe mfano. Wewe ulipoona, hukuuliza kwanza nani kasema, ulichukua sufuria ukazunguka nyumba kwa nyumba unachemsha nyembe za watu, unahema, kofia yako imerudi kisogoni. Nilikufuata na kuni. Sikusema kitu.

Na mimi ndiye sikunyoa. Nilikuwa nimesukwa wiki ile ile, mtindo wa twende kilioni, mistari minane, shingo yangu yote nje. Kijiji kizima kilikuwa kipara, isipokuwa ndevu zako nyeupe na nywele zangu.

Yaliyofuata unayajua, lakini acha niyaseme maana bado nikiyakumbuka nacheka peke yangu kanisani. Mtu wa Ilongero akapita na ng'ombe wake. Akaona watu wote vichwa vitupu, hakuuliza, kwetu huulizi, kijiji kizima kikinyoa ni msiba wa mtu mkubwa umeanuliwa. Siku ya tatu ndugu wa Ilongero wakaingia, watu ishirini, na debe la uwele, na kuku wamefungwa miguu, na mama mmoja aliyeanza kulia tangu njia panda. Mwenyekiti angewaambiaje? Watu wametembea tangu alfajiri na kuku. Akasema karibuni, poleni na safari, akaagiza majamvi yatandikwe. Waliposikia kilio, baadhi ya watu wetu wenyewe wakaingiwa na wasiwasi kwamba labda kuna mtu kweli, wakalia nao. Tulikaa matanga siku mbili, Mzee, ya mtu asiyekuwepo. Wageni walikuwa wanatuhesabu kwa macho, waone nani amepungua. Mimi walinitazama vibaya kwa sababu ya mistari yangu minane. Siku ya pili mzee wao akamvuta Mwenyekiti pembeni, akamuuliza kwa adabu sana kaburi liko upande gani.

Ulicheka siku ile hata ukashika ukuta. Hukucheka tena gari la wilaya lilipokuja. Habari mjini zilikuwa zimefika kwamba kijiji kimeangamia kwa kuhara, na Bwana Afya wa wilaya akashuka na bomba la kupulizia dawa, akakuta watu wanakula kuku. Akauliza hapo nje, mbele ya kila mtu, nani aliwaambia watu wanyoe. Nilikuwa nyuma yako hatua mbili. Nilifungua mdomo. Nakuapia Mzee, nilifungua. Wewe ukasema, "Ni mimi, Bwana Afya. Sikufafanua vizuri." Na mimi nikaufunga.

Ukaandikiwa barua ya onyo. Uhamisho wako wa kwenda hospitali ya mjini, uliousubiri miaka miwili ili ulale kwako Utemini na Mama Zuhura akupikie wali badala ya ugali wangu wa uwele uliosema unakwaruza, ukafutwa. Ulibaki hapa. Ukasema hutafundisha tena hadharani, kazi yako ni kutazama tundu la darubini na kunyamaza. Nilikuona ukiikunja ile picha mara mbili na kuiweka chini ya sanduku la darubini. Nilikuwa nakuona kila siku, na kila siku nilisema nitasema kesho.

Hadharani ulinyamaza, lakini kwangu hukunyamaza. Unakumbuka ile rangi ya zambarau tunayopakia vipande vya kioo? Nilikuja asubuhi moja nikakuta umeipaka kwenye mashina ya ndevu zako, kidevu chote kama aliyekula zambarau bila meno. Ulisema tusubiri. Baada ya wiki tatu nyeupe ilikuwa imechomoza chini na zambarau imesogea. Ukanishika mkono unipeleke dirishani. "Unaona? Kipya kinatoka chini. Cha zamani kinasukumwa, lakini hakikatiki." Nilisema ndevu si bakteria. Ulisema ndiyo maana tumwandikie mwalimu wako wa kozi. Tukaandika. Na swali langu lile, nililokuuliza jioni ya somo, likaingizwa kwenye barua, kwamba hizo chembe zikiwa bado ndani, zinazuiwa na nini zisijikunje na kugandana humo humo kabla ya kufika tunduni? Wewe ulisema lazima kuna msindikizaji, maana bibi harusi haachwi atoke chumbani peke yake. Ulitaka tuandike hivyo hivyo, bibi harusi. Nilikataa. Naona uliongeza chini nilipokwenda kununua stempu.

Kisha ukaenda likizo Utemini kwa siku kumi, na siku ya sita presha ikakuchukua. Tulipata habari jioni, na ninyi mnazika siku hiyo hiyo, kwa hiyo tulifika kesho yake umeshalala. Nisikufiche, nilikasirika. Nilikuwa nimepanga kukuambia ukirudi. Nilikuwa nimechagua na siku.

Shemeji yako, aliyekuosha, alimuuliza Mama Zuhura ni ugonjwa gani unaogeuza ndevu kuwa zambarau. Mama Zuhura akasema, si ugonjwa, ni mambo ya kazini kwake. Na kesho yake akaangalia barabarani akatuona tunakuja, watu sitini wa kijijini, wote tumenyoa, na mimi safari hii mbele kabisa. Ndugu zako wakaduwaa. Shehe akasema kwa upole kwamba dini yako haina mambo hayo. Mwenyekiti akavua kofia, akamjibu, "Tunajua, Shehe. Lakini sisi huyu tulimnyolea akiwa hai. Tumnyime akiwa amekufa?" Shehe akatuonyesha mahali pa kukaa.

Naona wagonjwa wamefika. Nitaendelea baada ya Jumamosi, kama nitakuwa bado na uso.

Jumapili, nimetoka kanisani

Mzee, uso ninao.

Ghala lilikuwa limejaa, na mvua inapiga bati kiasi kwamba ilibidi niseme kwa sauti, nami nilitaka kusema chini chini. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, karatasi ikalowa njiani, wino ukashuka wote kwenye kona. Nikasema tu. Kwamba mwaka jana aliyesema mnyoe ni mimi. Mzee Athumani hakusema. Alibeba yeye, akaandikiwa barua, akanyimwa kwenda kwake, na mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake nikanyamaza.

Mwenyekiti alikuwa anasokota kamba, na hakuacha kusokota. Nilishika nguzo ya ghala. Ndipo Bibi Sinda akasema kutoka kwenye jamvi, "Kaa kwanza mwanangu, utaanguka. Hilo tunalijua."

Sikuelewa. Akasema, "Nilikuuliza mimi. Ningesahau nilimuuliza nani?" Watu wakacheka kidogo. Kisha akasema, "Na yeye alijua."

Mzee, ulijua.

Kumbe gari la wilaya lilipoondoka, kesho yake asubuhi ulikwenda kwa Bibi Sinda kumuuliza wazo la kunyoa alilipata wapi. Akakuambia, kiberiti kinachovuja na yote. Anasema ulikaa juu ya kinu chake ukacheka mpaka machozi. Anasema alikuuliza kama aniite nije niombe msamaha, na wewe ukaacha kucheka, ukamwambia, "Msimwambie, Bibi. Huyo ndiyo kwanza anatoka. Mkimcheka sasa atajikunja humo humo ndani, hatatoka tena." Bibi anasema hakuelewa ni nani anatoka wapi, lakini alikuahidi, na akawaahidisha wengine. Kijiji kizima cha watu wasioweza kuficha hata mimba ya mbuzi kilificha jambo hilo karibu mwaka mzima.

Mimi nilielewa. Nilijua unazungumza habari za zile chembe. Nilijua na nani alikuwa msindikizaji. Nililia mbele ya kijiji kizima, kwa sauti, kuliko yule mama wa njia panda, na hakuna aliyenizuia. Nilikupenda sana Mzee wangu, na sikukuambia hilo pia.

Mwenyekiti ndiye aliyemaliza. Alinirushia ncha ya kamba yake akasema, "Haya, shika, rudi nyuma, ufundishe. Maji hayatungoji." Basi nilishika ncha, nikawa narudi nyuma hatua kwa hatua jinsi kamba ilivyokuwa inaongezeka pajani pake, nikafundisha. Lakini safari hii nilianza na mwisho. Nilianza na maji kuchemka mpaka yatoe mapovu makubwa, na choo kifunikwe, na sabuni kabla ya ugali, na mtoto akihara apewe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo bila kuchoka. Nywele nikazileta baadaye. Nilisema, hizi ziko kwenye kijidudu, na zinashika utumbo, kichwani mwenu hazina kazi. Ukivizuia vijidudu mlangoni pa mdomo hutahangaika navyo vikishashika ukuta. Mama mmoja akauliza vinavyotengeneza nywele hizo vina mikono mingapi. Nilisema havina. Akasema, "Basi vinatushinda, sisi tuna miwili na bado sabuni hatutumii." Watu walilishika hilo kuliko yangu yote.

Mwishoni mkutano ukaazimia kwamba hakuna mtu kunyoa. Ndipo mzee mmoja wa nyuma akavua kofia taratibu, kichwa kinang'aa, amenyoa asubuhi ile kwa tahadhari. Mwenyekiti akaagiza iandikwe kwamba azimio linaanzia sasa. Mkutano ulikuwa wa hatua kumi na nne.

Leo wakati naenda kanisani kila nyumba ilikuwa inatoa moshi kabla ya saa ya moshi. Bibi Sinda amechemsha maji mpaka yameisha, akaja kuniuliza sasa anywe nini. Wale watoto wa bondeni wamerudi kwao, wanakunywa uji na wameanza kupigana.

Kuna jambo nilisahau Alhamisi kwa sababu ya woga. Mwalimu wako amejibu. Bahasha ina jina lako, nimeifungua, nisamehe. Anaandika kwamba bakteria wengine wana pia mkia wa kuogelea, na huo umeshaonekana ukiongezeka nchani, chembe zinapita ndani ya uwazi wake mpaka mwisho. Kwa hiyo mtama wangu haukuwa wa bure. Lakini hizi nywele za kushikia ni kitu kingine, anasema, bado hakuna aliyeona kwa uhakika zinavyojengwa, ila yeye mwenyewe angeelekea upande wa shina. Upande wako. Najua ungetembea na barua hii mfukoni mwezi mzima. Kuhusu chembe kutojikunja ndani, anasema ni swali zuri sana na hajui jibu, na anauliza ni nani aliyeandika habari za bibi harusi.

Picha nimeikunjua. Nimeibandika ukutani, ina alama ya msalaba katikati kwa kukunjwa, lakini nywele zote zinaonekana.

Sasa ahadi. Kesho napanda gari la asubuhi kwenda wilayani, kumwambia Bwana Afya aliyesema wanyoe ni nani, ili ile barua ya onyo itoke kwenye faili lako. Ikihamia kwenye langu, ihamie, nina nafasi. Na kila mvua za kwanza nitashika ncha ya kamba na kurudi nyuma, mpaka Mwenyekiti achoke au kamba ifike hadi kule Mgori.

Na jambo moja ambalo nimeona aibu kuwaambia wengine. Siku ile tuliporudi kutoka Utemini, nywele zilipoanza tu kuchomoza, nilijipaka ile zambarau kichwa kizima. Wiki nzima watu walidhani nina mapunye, walinipikia kando. Nywele zangu ni nyeusi, rangi haionekani hata juani, ungenicheka kwa kutofikiria hilo. Lakini mimi najua iko pale nchani. Kila siku inasogea mbali kidogo na kichwa, kwa sababu kipya kinaisukuma, na bado imeshika. Sitaikata.

Kwaheri Mzee wangu. Barua hii naiweka ndani ya sanduku la darubini, chini ya kanga ya Mama Zuhura, mahali ambapo mbuzi hafiki.

Shikamoo tena. Ukimaliza kuhesabu, uitikie.

Mwanafunzi wako,
Eliza Ntandu